Siku Nilipompanda Senkondo Kwenye Lami

Msiniulize kama naamini ndoto. Siamini. Nina miaka hamsini na minne na najua kwamba mtu akilala na njaa, au na hasira, kichwa hakikosi cha kumwonyesha. Lakini hii iliyonijia Alhamisi mchana, nimejinyoosha juu ya magunia ya mboji pale kitaluni kwangu, nitaisimulia yote, kwa sababu ilinikuta nimeshaamua kummaliza mtu. Na mtu mwenyewe namtaja hapa hapa ili msihangaike kumtafuta: Senkondo, afisa mipango wa mkoa.

Asubuhi ya siku hiyo tulikuwa ukumbini. Mimi ni mwenyekiti wa umoja wa walezi wa miti wa mkoa wetu, na kwa miaka sita nimepanda ngazi za ofisi mpaka magoti yananiuma, nikidai kitu kimoja: mpango wa miti kwa miji yetu yote saba. Sheria moja ya kulinda miti ya barabarani, mtaalamu mmoja wa miti kila mji, na fungu la kila mwaka la kumwagilia na kupogolea, si la kupanda tu na kwenda zetu. Kamati ilikuwa imelainika. Wajumbe wawili walikuwa wameshaniambia pembeni, mama, safari hii tunaupitisha. Ndipo Senkondo akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu kwamba umoja wetu ulipanda mikangazi mia tatu Barabara ya Hospitali miaka miwili iliyopita, na kwamba yeye mwenyewe amepita kuihesabu: iliyo hai ni kumi na mmoja. Akauliza, watu walioua miti mia mbili themanini na tisa katika barabara moja, tuwape miji saba? Ukumbi ukacheka, mjumbe mmoja akacheka mpaka akatoa leso. Mwenyekiti wa kamati akaahirisha uamuzi hadi kesho yake saa tatu asubuhi, nami nikatoka na mkoba wangu, uso unaniwaka.

Nilikuwa najua cha kumfanya. Ule mwaka wa mikangazi, boza la maji lililopaswa kumwagilia Barabara ya Hospitali lilihamishwa kwenda kulaza vumbi uwanja wa mpira, na saini ya kulihamisha ilikuwa yake. Karatasi ninayo. Nikamwambia Hosiana, katibu wangu, kwamba kesho nitaisoma mbele ya kamati neno kwa neno, nami sitakaa chini mpaka nione kazi imemtoka mikononi. Hosiana akasema, "Dada, na mpango je?" Nikamjibu kwamba mpango utajijua. Akaenda zake bila kuaga vizuri. Mimi nikajilaza pale kwenye magunia, jua la saa nane likichoma bati, na midomo yangu bado inalitaja jina la yule bwana, usingizi ukanichukua.

Nikajiona katika nchi ya tambarare iliyotandikwa lami kutoka mguuni pangu hadi upeo wa macho, na juu ya lami ile hapakuwa na kivuli hata cha kumtosha kuku. Watu walikuwa wakitembea wamejifunika mikoba na sahani vichwani. Pembeni mwa njia alikuwa amesimama mwanamke mrefu, amevaa kitenge kilichopigwa pasi, mkononi ana panga jipya ambalo bado lina kibandiko cha dukani. Akanishika mkono kwa adabu zote, kama mtu anayempokea mgeni stendi, akasema, "Pole na ya leo, Nakijwa. Mimi ndiye Kisasi. Nimekungoja tangu saa nne, pale ukumbi ulipocheka. Usione haya mbele yangu. Wengi huniita kwa siri kisha wakifika hunikana, lakini wewe umeniita waziwazi, nami mtu wa namna hiyo humtembeza mwenyewe nchi yote kabla sijampa anachotaka." Nikamwambia mimi kutembezwa sina haja, nipe mtu wangu. Akatabasamu. "Utampata," akasema, "ila nchi hii ina njia moja tu, nasi hatuna budi kuifuata."

Basi tukapita kwanza mtaa wa Bwana Sifa. Jamaa huyu ni mnene, ana glavu nyeupe, na kazi yake mchana kutwa ni kupanda mti. Nasema mti, si miti. Shimo lilikuwa moja, limezungushiwa utepe. Anashuka garini, anashikishwa mche, wapiga picha wanainama, vigelegele vinapigwa, anaumwagia maji kikombe kimoja, anaondoka. Akishaondoka, vijakazi wake wanaung'oa mche ule ule, wanafuta majani vumbi, na Bwana Sifa anarudi kutoka upande wa pili na suti nyingine. Mashada ya hotuba yalikuwa yamerundikwa pale mpaka yanaziba njia. Nilicheka kwa uchungu, maana shughuli za namna hiyo nimehudhuria zaidi ya ishirini na nyingine nimeziandaa mimi. Kisasi akaniuliza kama nataka Bwana Sifa naye akatwe. Nikasema aingie kwenye orodha.

Mbele kidogo palikuwa na banda la bibi mmoja mpole anayeitwa Kusahau. Ndani ya banda alikuwa amepanga mizigo ya watu hadi darini, na kila mzigo ni ahadi ya kesho: kesho tutarudi kumwagilia, kesho tutaweka uzio, kesho tutaleta mtaalamu. Nilikuwa napita haraka, ila yule bibi akaniita, "Mama, hata wako uko hapa. Uliniachia mwezi wa nne, siku ya shughuli." Nikamwambia amenifananisha. Akanitazama bila kubisha, akarudi kuketi. Nikamwona Kisasi anaongeza mwendo, nami nikafurahi kumfuata.

Hatimaye tukafika Barabara ya Hospitali, na pale katikati ya lami nikamkuta Senkondo amesimama na koti lake, amefungwa mikono kwa kamba ya katani. Kisasi akasema, "Nchi hii haina jela. Mkosaji wa miti hupandwa. Chagua mahali." Nilichagua papo hapo, palipo pagumu kuliko pote, na shimo nikalichimba kwa mikono yangu. Nikamshindilia hadi magotini, nikarudishia lami. Kisha nikakaa kitako kuangalia, na siwadanganyi, sijaona raha kama ile tangu niolewe. Jua lilimpiga. Akaja mtu wa matangazo akampigilia bango la mganga kifuani kwa misumari minne. Akaja mwenye baiskeli akamfunga mnyororo kiunoni. Wenye nyaya za umeme wakaja na ngazi, wakasema anagusa waya, wakampunguza nywele upande mmoja akabaki kituko. Mbuzi wakamtafuna tai taratibu mpaka kwenye fundo. Kila nilipodhani yamekwisha palikuja lingine, na kila lilipokuja nilimuuliza, "Mpo wangapi hai, bwana mipango? Hebu hesabu." Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Nilisubiri anililie, nimnyime.

Akafungua kinywa mwishowe, na hakuomba maji. Akasema, "Miguu yangu imebanwa. Kuna kitu kimenizunguka miguuni." Nikamwambia hiyo ni lami, vumilia. Akasema, "Si lami. Chimba uone." Nikamgeukia Kisasi anichimbie, maana ndiye mwenye panga. Akarudi nyuma hatua moja. "Mimi hukata kilicho juu," akasema. "Ya chini ya ardhi si kazi yangu, wala sikushauri." Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi wa kweli. Lakini mimi ni mtu wa kitalu, siwezi kuambiwa mzizi umebanwa nikakaa. Nikachimba. Nikafika kwenye vifundo vya miguu yake, nikagusa kitu laini, cheusi, kinachoteleza. Kilikuwa kiriba. Ile mifuko ya nailoni tunayooteshea miche, ambayo hata mtoto wa kitaluni anajua kwamba huchanwa na kutupwa kabla mche haujaingia ardhini, la sivyo mizizi itazunguka humo humo kama mkia wa panya ndani ya chupa mpaka mti ujinyonge.

Nikasikia mtu anachuchumaa pembeni yangu. Alikuwa mwanamke wa makamo, udongo kwenye kucha, kanga imekazwa kiunoni, hana uzuri wowote wa kusimulia. Sikuhitaji kuambiwa ndiye Ukweli, maana Kisasi alikuwa ameshageuza uso. Aliongea chini chini, kama tunavyoongea tukipandikiza. "Nakijwa, mgeni rasmi alichelewa saa ngapi siku ile?" Nikasema mbili na nusu. "Mvua ilikuwa wapi?" Nikasema mlimani, inashuka. "Watu walikuwa wamekula?" Nikasema bado, pilau lilikuwa linapoa. "Na miche mia tatu, viriba mia tatu, vya kuchana kimoja kimoja mbele ya mgeni mwenye haraka. Nani alishika kipaza sauti akasema pandeni hivyo hivyo, viriba tutarudi kuvitoa kesho?" Nikaanza kukifuta udongo kile kiriba. Akaendelea bila kunihimiza, "Boza lilihamishwa, ni kweli, na aliyelihamisha alikosea. Lakini lilihamishwa mwezi wa tisa. Miti hii ilikuwa imeshakufa mwezi wa saba. Wewe uliipita kila siku ukienda sokoni, ukatazama upande mwingine." Kisha akanionyesha mwisho wa barabara, ambako mikangazi kumi na mmoja ilikuwa imesimama na majani yake, akaniuliza ni nani aliyeipanda. Nikasema sikumbuki. Akasema, "Unakumbuka."

Nikamgeukia Kisasi kwa ukali, nikamwambia, umenileta hapa nilipize au niaibishwe? Naye, kwa adabu ile ile, akanijibu. "Dada yangu, wewe ni mgeni kwangu. Umekuja leo. Huyu bwana uliyempanda nimekaa naye miaka miwili, tangu siku ile ya viriba. Yale ya leo asubuhi ukumbini nilimwandikia mimi." Akanikabidhi panga, mpini mbele. Mikono yangu ilikuwa bado imeshika kile kiriba, nikashindwa kulipokea, nikazinduka.

Jua lilikuwa limesogea. Nilikuwa nimelowa jasho na mboji imenigandia shavuni. Nikanawa uso kwenye pipa, nikachukua jembe, nikaenda Barabara ya Hospitali kwa miguu, sikumsalimia mtu. Mti wa kwanza uliokauka niliuchimba mbele ya duka la dawa. Kiriba. Wa pili, kiriba. Wa sita nikaacha, mgongo haukuniruhusu na watu walishaanza kusimama. Nikaenda kwenye ile iliyo hai, nikachimbua taratibu kando ya shina la mmoja, nikakuta mizizi imetanuka, safi, imeshika ardhi yake. Na hapo nikiwa nimepiga magoti, nikakumbuka mambo yote, hata rangi ya shati la Senkondo.

Siku ile ya shughuli, watu wa ofisi ya mipango walipewa mwisho wa barabara. Senkondo alikuja kwangu mikono michafu, akaniambia, mwenyekiti, viriba havijatolewa, miti hii itakufa, tusimamishe dakika kumi tu. Mgeni rasmi alikuwa anatazama saa. Nami nikasema kwenye kipaza sauti, makusudi, ili watu wasikie: "Bwana mipango, ofisini mnachelewesha mafaili, na hapa mnataka kuchelewesha miti?" Watu wakacheka. Mgeni rasmi akacheka mpaka akashika tumbo. Senkondo alirudi kule mwisho, akachuchumaa, akawa anachana viriba kwa meno, kimoja kimoja, mpaka gari lilipomwita. Alikuwa amefikisha kumi na mmoja.

Kumbe mimi nilikuwa najiandaa kuanza kulipiza, mwenzangu alikuwa anamaliza. Na katikati yetu sisi wawili miji saba inakauka, wagonjwa wanangoja zamu juani nje ya hospitali, na kesho saa tatu kamati itaamua. Nikimsomea ile karatasi ya boza, atatoa yake ya viriba, na mpango utazikwa hapo hapo, halali kabisa, kwa mikono yetu. Sikumsamehe, msinielewe vibaya. Boza ni lake na nitalisema. Bado ningefurahi kuwaona wale mbuzi.

Nikampigia simu nikiwa bado nimekaa kwenye udongo. Nikasema, "Senkondo, ni Nakijwa. Viriba ni mimi. Kesho nitasema mbele ya kamati, nikiwa na mti mmoja uliokauka mkononi, na kiriba chake."

Nikasikia redio nyumbani kwake ikipunguzwa sauti. "Utaanza na hilo?" akauliza. "Kabla ya boza?"

"Kabla ya boza."

"Basi tangulia wewe," akasema, "nami nitasimama baada yako." Hakuniambia atasimama kusema nini, nami sikumuuliza.