Yule wa Asubuhi

"Umeamkaje, mama? Umekunywa dawa?"

"Rudia," fundi wa sauti alisema kwenye hedifoni. "Laini zaidi. Kama unamjali."

Msichana akameza mate, akarudia. Kijichumba cha kurekodia kilikuwa na ukubwa wa kabati, kuta zake zimevishwa sponji nyeusi. Humo hata ukipiga makofi sauti ilikufa mikononi. Wenzake waliokuja naye kusoma ng'ambo walipangiwa mafunzo ya vitendo benki na magazetini. Yeye, mwanafunzi wa isimu, aliangukia kampuni hii, kusoma sentensi kwa lugha ya nyumbani mpaka koo liwake moto. Usiku alizisoma hata usingizini, ndiyo maana mwenzake wa chumbani akambandika jina la Kasuku.

"Mtambo utawapigia wagonjwa simu kuwakumbusha dawa," msimamizi alikuwa amemweleza siku ya kwanza. "Utawasaidia watu wa kwenu." Kasuku alitia sahihi akitabasamu.

Mchana huo alikaa kwenye ngazi za dharura na kipande chake cha mkate, akampigia mama. Hakuwa amempigia kwa kitambo. Kazi ilimbana mchana, masomo jioni, na yeye akipata nafasi, kule nyumbani watu wamelala. Alijiandaa kulaumiwa.

"Haa! Leo mara mbili?" mama akacheka.

"Mara mbili vipi, mama?"

"Si asubuhi tumeongea? Umeniuliza dawa ya presha, nikakwambia nimekunywa. Tangu zahanati wachukue namba yangu hujaniacha hata asubuhi moja, sijui ni wao waliokusema kwamba humpigii mama yako! Tena siku hizi una adabu, hunikatizi. Zamani ulikuwa 'mama, nitakupigia baadaye,' na hiyo baadaye yenyewe haifiki."

Kasuku akaacha kutafuna.

"Mama, mimi sijakupigia leo."

"Acha utani wewe. Sauti ya mwanangu nisiijue? Hata kule kukohoa kwako kidogo kabla ya kuuliza jambo?"

Fundi alimwambia vikohozi vyote vitakatwa.

"Tumekuwa tukiongea nini, mama?"

Kicheko cha mama kikakatika. "Kwani umesahau? Si nilikwambia habari ya bibi yako?"

"Habari gani?"

"Kwamba ametutoka. Nilikwambia wiki iliyopita, nikilia. Ukanijibu, 'Asante, nimekuelewa. Usiache dawa yako.'" Mama akavuta pumzi. "Iliniuma, sikufichi. Shangazi zako wakaanza kusema, nikawaambia mwacheni, huko aliko kazi zimemzidi. Tukazika."

Bibi. Aliyelala naye kitanda kimoja mpaka Kasuku alipokwenda sekondari. Kasuku aliukumbuka ule mstari vizuri. Alikuwa ameusoma mara nyingi kijichumbani, fundi akisema rudia, tabasamu kidogo, rudia.

"Yule si mimi, mama. Ni mashine. Wamechukua sauti yangu wakaitia kwenye mashine."

Alijisikia anavyosema, akaona ni maneno ya mtu aliyerukwa na akili. Mama naye akauliza taratibu, kama mtu aliyebishiwa hodi na asiyemjua:

"Sasa wewe ndiye yupi?"

Hapo Kasuku akalia. Alilia kwa sauti, mkate ukamponyoka, na ngazi tupu zikamrudishia kilio chake kutoka chini.

"Basi, mwanangu, basi," mama akasema, naye akilia. "Ni wewe. Yule halii."

Alimkuta msimamizi ofisini, akamwomba waizime ile sauti. Kama haiwezekani kabisa, basi isipige kwa mama yake. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea karatasi za kufutia machozi.

"Pole sana, kweli. Lakini sauti hiyo sasa ni mali ya kampuni. Na chuo chako kinangoja alama zangu. Bila alama, hata viza yako..." Hakumalizia. Akageuza kompyuta yake. "Tena umekuja wakati mzuri. Wagonjwa wengi wanaueleza mtambo misiba yao, na haujui kuwajibu. Tumeandaa sentensi mpya. Nenda, fundi anakungoja."

Ndani ya kijichumba, maandishi yakatokea kwenye skrini: *Pole, mama. Nalia pamoja nawe.*

"Na pale mwishoni tupe kwikwi kidogo," fundi alisema. "Koo lako leo linafaa kabisa, usinywe maji."

Taa nyekundu ikawaka.

Kasuku akakitazama kipaza sauti, akafumba mdomo.

"Tunarekodi," fundi akasema.

Kimya.

"Bibie, hatukusikii."

Kwenye hedifoni Kasuku alisikia pumzi zake mwenyewe zikiingia na kutoka, safi, karibu mno, na mstari kwenye skrini ukizichora moja moja. Akazibana nazo, zisichukuliwe.