Ukuta Uachwe Safi

Renatha alipanda kivuko cha asubuhi kwenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa, akiwa na kitabu kimoja, chupa ya maji na fomu ya tathmini. Juu ya fomu paliandikwa swali: Je, kitabu hiki kinamfaa anayeanza? Kilikuwa kitabu cha kwanza cha kuandika programu za kompyuta kwa shule za sekondari. Jaladani palikuwa na picha ya kijana mwenye miwani akiichekea kompyuta yake. Mradi uliomwajiri Renatha ulikuwa umeshagawa vitabu. Kompyuta zenyewe zilikuwa bado kwenye maboksi, katika ghala moja la mjini, Nyakato, zikisubiri tathmini iseme ni shule gani haiwezi kuendelea bila hizo.

Kutoka Kamanga alichukua pikipiki hadi sekondari iliyokuwa nyuma ya mwalo, ufuko wanakoshushia dagaa. Mwalimu Mashimba alimpokea mlangoni akiwa na chaki mkononi.

"Mimi ni mwalimu wa jiografia," alisema kabla hajaulizwa. "Somo la kompyuta nilipewa kwa sababu ndimi mwenye simu kubwa hapa."

"Mnafundishaje bila kompyuta, mwalimu?"

"Tunafundisha. Umekuja siku nzuri, mwezi umeandama juzi. Ungekuja wiki ijayo usingekuta somo."

Darasa la Fomu Four lilikuwa na madirisha yasiyo na vioo na ukuta mmoja uliopigwa chokaa. Kila mwanafunzi alikuwa na kibodi aliyojichorea kwa kalamu kwenye kipande cha boksi la sabuni. Baada ya chakula cha mchana, wingu la wadudu wa ziwani, wanaokuja mwezi unapoandama, lile ambalo ukiwa mbali unaliona kama moshi uliosimama juu ya maji, liliingia kupitia madirisha. Wanafunzi walifunga midomo, wakaanza kubonyeza maboksi. Wadudu wakatua ukutani herufi baada ya herufi, kwa mistari iliyonyooka. Mtu akisahau kufunga mabano walitawanyika, kisha wakatua upya na kuandika kwamba kuna kosa mstari wa tatu.

Renatha aliandika kwenye fomu: Wanafunzi wanapata majibu papo hapo.

"Nani kasahau mabano?" Mashimba aliuliza. "Pius."

"Siyo mimi, mwalimu. Boksi langu limelowa."

"Boksi halisahau, Pius. Wewe unasahau hata kufunga vifungo vya shati, sembuse mabano."

Waliocheka wakatema wadudu.

Karibu na dirisha alikaa msichana aitwaye Odeta. Mama yake alianika dagaa pale mwaloni, na dagaa wakinyeshewa huoza wote. Kwa hiyo Odeta alikuwa ameandika programu inayouliza upepo unatoka wapi na mawingu yana rangi gani, kisha inajibu neno moja: anika, au anua. Haikuwa imewahi kukosea. Renatha aliijaribu mwenyewe, akaonyeshwa mahali pa kubonyeza kwenye boksi, na ukuta ukamwambia anika. Nje kulikuwa na jua kali.

Programu ile Odeta aliiandika upya kila mwezi, kwa kichwa, kwa sababu wadudu wale hufa kabla ya asubuhi.

"Na Sura ya Saba?" Renatha aliuliza. Sura ya Saba ilikuwa inafundisha namna ya kuhifadhi kazi.

"Hiyo tunairuka," alisema Mashimba. "Tulijaribu. Asubuhi tulikuta sura nzima iko sakafuni."

Kengele ilipogongwa mwalimu alipiga makofi. "Ukuta uachwe safi! Fomu Three wanaingia." Odeta alichukua ufagio, akafagia programu yake kuanzia mstari wa juu hadi wa mwisho, taratibu, bila kuacha doa. Ndoo ikapelekwa kwa kuku wa mlinzi.

Renatha alipokuwa anasubiri pikipiki, Odeta alimfuata akiwa amefungia boksi lake ndani ya kanga.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, Odeta."

"Naomba kuuliza. Kompyuta ya kweli inakumbuka hadi kesho?"

"Inakumbuka."

"Hata kama mimi sipo?"

"Hata kama hupo."

Odeta alikaza fundo la kanga. "Basi ningeandika ndefu," alisema.

Kwenye kivuko cha kurudi Renatha alijaza sehemu zilizobaki. Aliandika kwamba mifano ya kitabu inaeleweka, kwamba lugha ni nyepesi, kwamba wanafunzi wanaandika programu zenye manufaa kwa familia zao. Yote yalikuwa kweli. Chini kabisa, kwa mwandiko wake mdogo, aliongeza kuwa Sura ya Saba haifundishiki mahali ambapo majibu hutolewa na wadudu. Halafu akaanza kuandaa sentensi ya kusema kwenye kikao. Alikuwa mtu wa kuandaa sentensi. Mji ulipokaribia na mawe yake makubwa juu ya vilima, sentensi ilikuwa tayari, nayo ilikuwa fupi: Hawa ndio wapelekewe kwanza.

Kikao kiliongozwa na Bwana Cleophace, mtu mpole aliyependa kusoma ripoti kwa sauti. Alisoma ya Renatha hadi karibu na mwisho. Mjumbe mwingine, Luhaga, aliyekuwa akichungulia mwandiko mdogo wa chini, aliuliza kama wadudu hao wanaleta kikohozi. Aliambiwa hawaleti.

"Basi kitabu kinafaa," alisema Bwana Cleophace. "Tena kinafaa hata pasipo kompyuta. Hiyo ni sifa ambayo hata mwandishi hakuitegemea." Alivua miwani, akaonekana amefurahi kwa dhati. "Kompyuta tuwape ile shule ya mjini yenye maabara. Wale wamelalamika kwamba zao ni za zamani na kitabu hakiwaingii. Renatha, una la kuongeza?"

Sentensi ilikuwa pale pale mdomoni. Watu wote walikuwa wamemgeukia, na mmoja alikuwa ameshaanza kufunga begi.

"Hapana, mzee," alisema Renatha. "Nimeandika humo."

Mwisho wa mwaka mradi ulitangaza nafasi moja ya kusomeshwa chuo, kwa mwanafunzi atakayeandika programu bora mbele ya wasimamizi. Odeta alikuja na mama yake kwa kivuko. Mama alibaki nje ya ukumbi na mfuko wa dagaa aliowaletea wasimamizi kama zawadi. Renatha alikuwa mmoja wa wasimamizi. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma, na hakuruhusiwa kusema na mtahiniwa yeyote.

Odeta alikaa mbele ya kompyuta ya kweli kwa mara ya kwanza. Aligusa kibodi kama mtu anayepima maji ya kuoga ya mtoto. Kisha akaandika. Aliandika ndefu. Programu iliuliza upepo, mawingu, unyevu wa mchanga, mbayuwayu wanaruka juu au chini, na ikajibu bila kosa hata moja. Luhaga alipita nyuma yake, akasimama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaenda kumwita Bwana Cleophace aje kuona.

Muda ulikuwa bado haujaisha. Odeta alisoma kazi yake mara ya mwisho. Akageuka, akaona watahiniwa wengine wamesimama mlangoni wakisubiri zamu yao. Akatafuta kwa macho, huku na huku, akakikuta kitufe cha kufutia. Akaweka kidole. Mistari ikaanza kuondoka kutoka chini kwenda juu, herufi kwa herufi, na yeye hakuharakisha.

Renatha alipiga hatua moja. Msimamizi mwenzake akamtazama. Renatha akasimama.

Bwana Cleophace alipofika, kioo kilikuwa cheupe. Kwenye karatasi ya matokeo aliandika, kwa masikitiko, kwamba mtahiniwa hakuacha kazi yoyote.

Odeta alitoka akipita karibu na Renatha, akainama kidogo kwa heshima. "Nimepaacha pasafi, madam," alisema kwa sauti ya chini.

"Asante, Odeta," alisema Renatha.

Dagaa waligawanywa kwa wasimamizi. Walikuwa wakavu, wasio na mchanga.

Masika yalipoanza, toleo la pili la kitabu lilifika ofisini. Jalada la nyuma lilikuwa na maneno mapya: Kinafaa hata pasipo kompyuta. Chini yake palikuwa na majina ya waliotathmini, na jina la Renatha lilikuwa la kwanza. Alikiweka mezani, akakigeuza kisimtazame.

Mwezi uliandama. Mchana uliofuata wadudu walivuka ziwa, wakaja mjini, wakatua kwenye dirisha la ofisi yake kwa mstari mmoja ulionyooka: Upepo unatoka wapi? Mwishoni mwa swali alibaki mdudu mmoja akifungua na kufunga mabawa, akisubiri.

Renatha alibonyeza juu ya meza kwa kidole: Kamanga.

Wadudu wakahama. Mawingu yana rangi gani? Akaangalia, akajibu. Wakamwandikia: Anua.

Hakuwa na kitu cha kuanua. Ng'ambo ya pili mvua ilikuwa imeshaanza kushuka.

Kokulinda, aliyekuwa anafanya usafi pale ofisini, aliingia na ufagio na ndoo. Alisoma dirisha, kwa kuwa lilikuwa mbele yake.

"Dada, hii umemaliza kuisoma?"

"Naomba uiache hadi kesho, Koku."

"Hadi kesho watakuwa wamekufa, dada. Watanuka. Na asubuhi una wageni."

"Najua."

Kokulinda aliweka ndoo chini, kwa adabu. Kisha akaanza kufagia kuanzia juu, na Renatha akainuka akamshikia ndoo.