Damu Iliyomkataa Kila Mtu

Asubuhi ile mjomba wangu aliletwa hospitalini kwetu akihitaji kuongezewa damu, nami nikaipima damu yake na chupa kumi na moja za damu ya wachangiaji katika maabara yetu. Kila mara chembe zilishikana mabonge mabonge, ishara kwamba damu hazipatani.

"Vumilia, Mjomba. Natafuta inayokufaa."

"Usijisumbue, mpwa wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi tangu zamani sipatani na watu."

Alifariki saa nane mchana, mimi bado napima.

Tulipokuwa tunakunja nguo zake, mkewe alinipa kadi ya kliniki. Kumbe Mjomba alikuwa na saratani ya seli za kinga, na alikuwa anadungwa sindano kwa siri. Dawa ile hujishikiza kwenye kimeng'enya, aina ya protini, kilicho juu ya seli hizo. Lakini kimeng'enya hicho kipo pia, kwa uchache, kwenye chembe nyekundu za kila mtu, ndiyo maana dawa iliyokuwa katika damu yake ilizishikanisha chembe za kila chupa. Ningejua, ningekiondoa kwanza kwenye chembe za wachangiaji, na damu inayomfaa ingepatikana.

"Hakutaka uwe na wasiwasi," mkewe alisema.

Siku hizi namuuliza kila mgonjwa dawa anazotumia, kisha namuuliza tena. Nikiinamia darubini, nahisi mtu amesimama nyuma yangu. Sigeuki.