Nauli ya Maiti

Orpah alikuwa akigeuza omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa kwenye chandarua, juu ya mwamba, wakati mumewe aliporudi. Ilikuwa saa nane mchana na jua lilikuwa kali. Makorongo yalikuwa yamejipanga ukingoni yakingoja ageuke. Nicodemus alipanda kutoka ziwani na shati lilelile la bluu aliloondoka nalo mwezi wa tatu, siku ya dhoruba iliyomeza mtumbwi wao. Maji yalimchuruzika vidoleni. Aliyafukuza makorongo kwa mkono, akaketi.

"Wuon Marion," Orpah akasema, maana hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, baba Marion. "Unakalia omena."

Akasogea.

Orpah alikuwa amemlilia hadi sauti ikakauka, na machozi mengine hakuwa nayo. Alimpa kanga ajifute, lakini maji yaliendelea kutoka. Akamuuliza kama amekula. Nicodemus akasema njaa haimsumbui tena. Kinachomsumbua ni kwamba mwili wake umenaswa chini ya mawe, upande wa Mfangano, na hautatoka.

"Mimi nataka kwenda nyumbani," alisema. "Nataka kulala Magunga, kando ya baba."

Jioni ile walikwenda pamoja kwa mwenye mashua aliyekuwa akivusha abiria kutoka kisiwa chao cha Remba hadi Nyandiwa, nchi kavu. Mwenye mashua aliwasikiliza kwa heshima, akampa Nicodemus pole kwa kufa, kisha akawaeleza kwamba nauli ya maiti ni mara tano ya nauli ya mtu mzima. Nicodemus akasema hatabebwa, atapanda kwa miguu yake na kuketi kama abiria wengine. Mwenye mashua akakubali kwamba hilo lingewapunguzia vijana wake kazi, lakini maiti ni maiti.

Pesa hazikuwepo. Mvua zilikuwa zimeozesha omena wiki mbili mfululizo. Basi kesho yake Nicodemus alikwenda kuitafuta nauli mahali pekee alipozoea kutafuta pesa za haraka: katika banda la mabati la Nyarangi, nyuma ya ufuo, ambako watu walicheza poka.

Mbalamwezi ilikuwa imeanza. Mwezi ukiwa mkubwa omena hawaji kwenye taa, na wavuvi hukaa bure mchana na usiku. Meza ya Nyarangi ilijaa. Wanne waliokuwa wakicheza walimwona Nicodemus akiingia, wakajibana kumpa nafasi kwenye benchi. Omondi, aliyekuwa amevua naye miaka mingi, alimwomba tu akaushe mikono asilowanishe karata.

Kabla ya kucheza, Nicodemus aliwaambia ukweli, kwa kuwa walikuwa marafiki: tangu azame, macho yake hupenya karata. Kopa na shupaza zao anaziona kama zimelala chali.

Wakafikiri.

"Hata ulipokuwa huoni tulikuwa tunaliwa tu," Omondi akasema. "Gawa."

Akagawa. Kila mtu aliweka shilingi moja katikati, zikawa tano. Mkono wa Nyarangi ulishuka na kuchukua mbili, ukazitia katika mkebe wa majani chai. Hiyo iliitwa chai ya meza. Nyarangi hakuwa mtu mbaya. Benchi lilikuwa lake, taa ilikuwa yake, karata zilikuwa zake, na ofisa akija kuuliza habari za kamari, ni yeye aliyemsindikiza hadi kwenye boti.

Orpah alipomaliza kuanua omena alikwenda kusimama mlangoni. Alimwona mumewe akishinda. Aliyekuwa na karata mbaya alimjua, aliyekuwa na nzuri alimjua vilevile, akamkimbia. Wenzake nao walijifunza upesi. Nicodemus alipoongeza dau, wote walilaza karata, maana anayeona haongezi bure, naye akabaki na zile shilingi chache zilizokuwa katikati. Alikwenda hivyo hadi jua likazama. Alipoinuka, mfukoni alikuwa na kile alichokuja nacho, na maji.

"Si umeshinda?" Orpah alimuuliza njiani.

"Nimeshinda sana."

"Sasa?"

Nicodemus alitembea kidogo. "Katikati kuna tano. Nyarangi anachukua mbili. Moja ni yangu mwenyewe. Ninabaki na mbili, na hizo zinalipa raundi mbili ambazo karata zangu hazifai. Kuona ya mwenzako hakuifanyi yako kuwa nzuri, mama Marion."

"Basi nani anapata?"

Wote wawili walikuwa wamelisikia jibu likilia ndani ya mkebe mchana kutwa.

Ijumaa ilikuwa siku ya maajenti wa kiwanda cha samaki, wanunuzi wa mbuta waliokuja na barafu na pesa za karatasi. Wao walicheza baada ya chakula cha mchana, kwenye meza hiyohiyo, na katikati yao palikuwa na mamia. Nyarangi alichukua shilingi mbili zilezile. Orpah aliona hawakuutazama hata mkono wake ukishuka, kama mtu asivyomtazama nzi aliyetua kwenye ng'ombe.

Asubuhi iliyofuata alichukua karabai mbili zilizokuwa zimebaki nyumbani, taa ambazo alikuwa akiziweka ili siku moja apate mtumbwi na kurudi ziwani, akazipeleka dukani kwa Kaltum. Kaltum alikuwa ametoka Isiolo zamani, akauza sukari, nyuzi na mafuta taa hapo Remba hadi akajua Kijaluo cha kuvunjia bei.

"Mwezi ukiisha utavua na nini, dada?" Kaltum aliuliza.

"Mume wangu anataka kulala."

Kaltum hakupunguza bei. Aliongeza kidogo. Orpah akampa Nicodemus nauli yote ya maiti, imefungwa kwenye kitambaa.

"Boti inaondoka saa nne," alimwambia. "Nenda. Mimi nitakufuata nikishauza omena."

Saa sita alimkuta bandani. Nicodemus alikuwa amewawahi maajenti wakipakia samaki wa mwisho, akawaomba wamkaribishe Ijumaa ijayo, kwenye mchezo ambao shilingi mbili si kitu. Wakamjibu kwa adabu kwamba hawana ubaya na marehemu, ila hawachezi na mtu anayeona karata zao. Akarudi kwa wenzake wa shilingi moja moja, akakifungua kitambaa hapo, kwa sababu alitaka akifika nyumbani afike na kitu kwa ajili ya Marion.

Orpah alimwendea Nyarangi.

"Mzee, huyu ni maiti. Msamehe chai ya meza mpaka apate nauli."

"Shemeji," Nyarangi akasema taratibu, "nikimsamehe aliyekufa, kesho nitaombwa na mgonjwa."

Omondi aliutazama mkebe, kisha akawatazama wenzake.

"Tangu mwaka uanze, nani ametoka hapa na faida?" aliuliza.

Hakuna aliyetaja jina. Hakuna aliyeinuka pia. Ilikuwa bado mbalamwezi, na nje hapakuwa na kazi. Omondi mwenyewe ndiye aliyechanganya karata.

Mwezi ulipoanza kupungua, kitambaa kilikuwa kitupu.

Orpah alivuka peke yake, kwa nauli ya mtu mzima aliye hai. Kule Magunga wazee walifanya kama inavyofanywa mtu anapopotea majini: walikata tunda la mti wa yago, refu na zito kama mtoto, wakalivisha shati la Nicodemus lililobaki nyumbani, wakalilaza kaburini kando ya baba yake. Marion, aliyekuwa akilelewa na bibi yake, alitupa udongo. Orpah alilia tena, sauti ikapatikana.

Aliporudi Remba kuchukua vyombo vyake alidhani hatamkuta. Alimkuta kwenye benchi, amekauka. Hata kola ilikuwa kavu.

"Nimeusikia udongo," Nicodemus alisema. "Asante. Ni mzuri."

"Basi twende."

Aliziangalia karata zake, kisha za wenzake. "Nikiondoka sasa, mama Marion, nitakuwa nimepoteza."

Orpah alikaa kando yake raundi moja. Nicodemus alishinda. Mkono wa Nyarangi ukashuka. Kisha Orpah akabeba sufuria zake akaenda kwenye boti.

Alianza kuuza maharagwe sokoni Magunga. Mwaka uliofuata Kaltum alipita hapo kutafuta nafaka, wakashikana mikono muda mrefu. Kaltum akampa habari za kisiwa. Watu wengine waliozama wameanza kutoka ziwani mchana, wengine wa zamani sana, na wote wanatafuta nauli. Nyarangi amenunua meza ya pili.

"Na yeye?"

"Hajambo. Juzi alishinda raundi kubwa, akacheka mpaka tukamsikia dukani." Kaltum akainamia gunia, akachota maharagwe, akayaachia. "Amenituma nikuambie usihuzunike. Amesema amekaribia kuipata."

Orpah akampimia debe, akalipiga piga mbavu ili maharagwe yashikamane, akamwongezea kilele. Nimekaribia kuipata: ndiyo maneno ambayo Nicodemus alikuwa akimwambia kila jioni alipokuwa hai.