Ndoano Zilizopozwa Majivuni

Usigeuze uso. Uliugeuza Jumanne ile pale mwaloni, kwenye maegesho ya mitumbwi, na mpaka leo shingo yako haijarudi. Ulisimama hatua sita kutoka motoni, kikombe cha uji mkononi. Ulimwona Rwegoshora akizifukia ndoano za mgeni kwenye makaa, ukamwona akizitoa nyekundu kama pilipili iliyoiva. Chungu cha maji kilikuwa kando ya goti lake. Hakuzitia majini. Alizilaza majivuni, taratibu, kama mama alazavyo mtoto, na hapo ndipo wewe ulipoanza kuutazama mtumbwi kana kwamba hujapata kuona mtumbwi maishani. Sasa jina la mpwa wake Mugisha linapikwa, nawe unachochea kuni kwa kunyamaza. Haya, kaa chini usimuliwe ulichokiona kwa macho yako.

Rwegoshora ni mjukuu wa mhunzi. Miaka ishirini na miwili amekuwa akiwapeleka wageni kuvua kambare kwenye mafunjo ya ziwa letu, chini ya mteremko wa Kamuli. Fimbo zake ni mianzi aliyoikausha darini, juu ya moshi wa jiko la mkewe Restuta. Ndoano zake huzifua mwenyewe kwa spoku za baiskeli kuukuu: spoku inaingia motoni, inakunjwa, inachovywa majini, inalia chwaa, na ikishalia hivyo hakuna kambare wa kuinyoosha. Kila mgeni aliyempigia simu kumuuliza, "Mzee, nije na vifaa vyangu au nitavikuta huko?" alijibiwa jambo moja: "Njoo na mikono yako tu."

Hayakuwa majivuno. Nyumbani kwa Rwegoshora mtu akija kunywa pombe ya ndizi na kibuyu chake mkononi, amekwisha kukutukana. Amesema mbele ya watu kwamba cha kwako kina sumu.

Na katika wageni wote, mgeni wake hasa alikuwa Najat. Binti wa marehemu Seif, yule aliyekuwa na duka la vitenge Kayanga, mjini. Sasa anafanya kazi Mwanza. Miaka tisa hakukosa Julai hata moja. Restuta alikuwa na utani wake: "Mke mwenzangu anakuja lini, nipike ndizi mapema?" Rwegoshora anakasirika, kisha anatoka nje kucheka peke yake.

Mwaka huu simu ya Rwegoshora ilitumbukia ziwani mwezi Mei. Akasema atanunua nyingine, hakununua. Juni ikakaribia kwisha. Siku moja Restuta akarudi kutoka kisimani na ndoo kichwani, na kabla hajaitua akasema, "Wako anakuja Jumanne."

"Nani kakuambia?"

"Mugisha. Kampigia Mugisha."

Rwegoshora alikuwa akikwangua mwanzi. Kisu kikasimama.

"Kamwambiaje?"

"Kamuuliza mambo ya vifaa. Mugisha kamwambia aje na fimbo yake."

"Aje na fimbo yake."

"Ndivyo alivyosema, waitu. Unarudia nini, huna masikio?"

Mugisha ni mpwa wake, mtoto wa dada yake aliyeolewa Igurwa. Alikuja mwaloni akiwa hajui hata kushika kasia. Rwegoshora alimfundisha kusoma mapovu kwenye mafunjo, alimfundisha chambo, alimfundisha namna ya kumwongoza mgeni aogopaye maji. Tangu mwaka jana kijana naye amekubaliwa na kikundi cha mwalo kuongoza wageni, na wageni wanampenda kwa sababu ana simu kubwa na meno meupe na anajua kunyamaza mtu akinyamaza. Mjomba wake aliyaona hayo yote. Aliyahesabu moja moja, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Mgeni akimpiga picha Mugisha, Rwegoshora alijua. Mgeni akitaja jina la Mugisha mara mbili katika safari moja, alijua pia. Alilala na hesabu hiyo, akaamka nayo, na chakula kikawa na ladha yake.

Lakini Najat! Huyo alikuwa mkeka wa ndani, si wa barazani. Tangu usiku huo mpaka Jumanne Rwegoshora alijiona kama mke mkubwa anayesikia vigelegele vya harusi uani kwake, na bi harusi ameshakuja na vyungu vyake.

Jumanne Najat alifika asubuhi. Akateremka na mfuko mrefu mwembamba begani, mweusi, wenye zipu. Aliyemwona kwanza alikuwa Mugisha, kwa hiyo aliyemsalimia kwanza alikuwa Mugisha. Jambo dogo? Kwa Rwegoshora lilikuwa mlima. Kisha akaja motoni.

"Shikamoo, Mzee Rwegoshora."

"Marahaba. Naona umekuja umebeba."

"Fimbo tu, mzee. Mkono huu ulivunjika mwaka jana, mianzi yako inanilemea sasa."

Katika maneno yote hayo Rwegoshora alisikia moja: inanilemea. Kikapu cha mwani kilikuwa karibu yake, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa ambazo miaka tisa alimtilia kiganjani kabla ya neno lolote. Hakukigusa. Mugisha ndiye aliyeinama, akachota, akampa. Najat akatafuna, akacheka, akasema, "Hapo sasa nimefika." Amefika kwa mkono wa nani?

"Ila ndoano nipe zako, mzee," Najat akaendelea. "Zimo humu zilizokuja na fimbo, lakini sizijui tabia."

Hilo uliliona? Aliomba. Mgeni alinyoosha mkono akaomba kile kile ambacho Rwegoshora alikuwa akikililia rohoni tangu Juni. Lakini wivu una masikio ya aina yake: hausikii sifa mpaka iitwe dharau.

"Aliyekuja na chungu chake asiombe mwiko," Rwegoshora akasema.

Watu wakacheka. Wewe ulicheka, tena ulikohoa uji.

"Mjomba, mpe tu za kwako," Mugisha akasema kwa sauti ya chini.

Huo ukawa ukuni wa mwisho. Mwanafunzi anagawa mali ya mwalimu mbele ya watu! "Lete hizo zako, binti," Rwegoshora akasema, na safari hii alitabasamu. "Sheria ya mwalo unaijua. Cha mgeni kipite motoni."

Sheria hiyo tunaijua sote ilikotoka. Umesahau mwaka wa mnyauko? Migomba ilioza ikiwa imesimama. Bwana shamba alipita nyumba kwa nyumba: panga la jirani lisiingie shambani kwako, na likiingia, lipite motoni kwanza. Tangu hapo kifaa cha mtu mwingine kikapata jina baya, na Rwegoshora akakileta kisa hicho mwaloni kama mzaha. Mgeni akija na kisu au ndoano, inapitishwa juu ya ulimi wa moto mara moja, watu wanacheka, inarudishwa. Salamu tu. Ndoano haina mnyauko, nani asiyejua? Lakini kuna jambo la mwaka ule ambalo hatulitaji kwenye mikutano. Panga lilieneza ugonjwa, sawa, ila ukimya ulieneza zaidi. Walikuwapo walioona mgomba wa kwanza ukinyauka nyuma ya nyumba, wakaufunika kwa majani makavu jirani asije akawacheka. Ilikuwa nyumba moja, ikawa kilima kizima, mpaka Ihembe wakasikia. Wenye nyumba hizo majina yao yanakumbukwa.

Basi siku hiyo ndoano hazikupitishwa juu ya moto. Zilifukiwa. Mjukuu wa mhunzi anajua kitu ambacho hata asiye mhunzi mwaloni petu anakijua: chuma kikiiva kikatiwa majini kinakuwa kigumu, kikiiva kikaachwa kipoe majivuni kinakuwa laini kama nta. Mugisha aliona. Mdomo wake ukafunguka, ukajifumba. Angesema nini, amwumbue mjomba wake mbele ya mgeni? Na wewe ukautazama mtumbwi.

Wakatoka watatu. Mugisha nyuma na kasia, Najat katikati, Rwegoshora mbele, kawapa mgongo. Mgongo huo ulisikia kila kitu. Ulisikia Najat akiuliza habari za mtoto wa Mugisha. Ulisikia kigurudumu cha kukunjia mshipi kikilia kri-kri-kri kama panzi. Ulisikia kicheko, na baada ya kicheko kimya kile cha watu wanaoelewana.

Kisha fimbo ikapinda.

"Mpe, dada, mpe kidogo! Usishindane naye! Sasa mrudishe! Mpe tena!"

Ni Mugisha, kwa maneno yale yale. Hata pumzi zilikuwa zile zile, za Rwegoshora, alizozitoa kifuani kwake miaka kumi iliyopita akamtia mtu mwingine. Akageuka. Kambare alikuwa amepanda juu, kichwa kipana kama jembe, ndevu zimetanda. Uso wa Najat ulikuwa umewaka kama wa mtoto siku ya Krismasi, ila haukuwa umemwelekea yeye. Ndoano ikanyooka.

Haikukatika. Ilinyooka tu, polepole, kama kidole kinachoonyesha mtu. Mzigo ulipotoka ghafla, Najat akaanguka kiubavu, kipaji cha uso wake kikagonga ukingo wa mtumbwi. Damu ikaingia machoni, ikaingia kwenye maji yaliyotuama chini ya miguu yao. "Mawe!" Rwegoshora akapiga kelele, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani, na ndiyo sauti yake ya kwanza ya kweli siku hiyo.

Nyuzi nne, zahanati.

Methodius, mwenyekiti wa kikundi, akaita watu pale pale mwaloni. "Mgeni kaumizwa na kifaa alichoambiwa alete. Nani alimwambia?"

Wote mlikuwapo. Kulikuwa na nafasi ya kupita ng'ombe katikati ya swali na jibu.

"Mimi, mwenyekiti," Mugisha akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia aje na fimbo yake."

"Basi ukae pembeni mpaka Jumamosi. Jumamosi tunafuta jina lako kikundini, na tunaandika: mgeni yeyote asije na kitu."

Hapo Rwegoshora alikuwa amepata yote. Sheria yake, mgeni wake, kiti chake cha mbele. Akasimama akimtazama mpwa wake akiokota kasia na kulipangusa vizuri kabla ya kuliegemeza, na unajua alihisi nini? Wivu. Wivu mkali kuliko wa Juni. Hata heshima kaninyang'anya, akawaza. Mimi ndiye mkubwa, yeye ndiye aliyefanya la mkubwa.

Alhamisi Najat akapita nyumbani kuaga, bendeji kichwani. Restuta akamtilia ndizi na maharage. Rwegoshora akakaa na sahani yake magotini bila kula.

"Mzee, umenichukia nini mwaka huu?" Najat akauliza.

"Nani kasema?"

"Mwani hukunipa. Ndoano ukaninyima. Soma mwenyewe alichoniandikia Mugisha."

Akamwekea simu mkononi. Rwegoshora akaisogeza mbali, akaisoma kwa midomo, neno kwa neno: *Dada, kama mkono unauma njoo na fimbo yako nyepesi. Ila ndoano usinunue. Omba za mjomba. Ziwa hili halijui nyingine.*

Restuta, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia. Akaichukua ile sahani iliyojaa, akaondoka nayo. Wanawake wetu wanajua kuhukumu bila kukaa kiti.

Jana Ijumaa Rwegoshora alipanda kwa Methodius na ndoano iliyonyooka kwenye leso. Akaeleza yote, moto, majivu, chungu cha maji. Methodius akaigeuza ile ndoano, akaitupa mezani.

"Chuma cha dukani hiki, mzee. Nakuelewa. Mtoto wa dada yako, damu nzito. Unataka kumbebea."

"Nimekwambia ni mimi!"

"Na yeye kaniambia ni yeye. Wawili mnagombea kosa moja, nitamwamini nani? Niletee aliyeona."

Rwegoshora akateremka akipita mlango kwa mlango kutafuta shahidi. Kwako alifika. Mbwa alibweka, watoto wakasema baba hayupo, na ulikuwapo, nyuma ya mlango, unamsikiliza akipumua. Alisema kwa sauti ya kutosha ili usikie: "Mwambieni simwombi anitetee mimi. Namwomba tu aseme alichoona."

Swali la vifaa ni dogo, watoto wangelimaliza: mgeni aje na fimbo inayomfaa mkono, mwenyeji ampe ndoano inayolijua ziwa, na asiwepo wa kuchoma cha mwenzake. Lakini haliwezi kusemwa leo kabla halijasemwa lile jingine, na lile jingine liko kinywani mwako. Lishanyauka humo siku nne, na umelifunika kwa majani makavu kama wale wa mwaka ule.

Leo ni Jumamosi. Mkutano ni saa nne, mwaloni. Kalamu ya kufuta jina la Mugisha iko mfukoni mwa Methodius, na Rwegoshora amekwisha kukaa pale peke yake, mbele ya moto uliozimika, chungu cha maji kando ya goti.

Weka hicho kikombe chini. Vaa viatu. Teremka sasa hivi, simama mbele ya watu, useme: niliona.