Kichwa Kilichosukwa Nusu

Mtu akishakuwekea kichwa magotini umsuke, hana pa kukimbilia. Atakusikiliza, apende asipende. Basi miaka tisa katika saluni ya mkamwana wangu nilisuka huku nikimtaja Yesu, na sikuona aliyekufa.

Mpaka mke wa bwana mkubwa mmoja aliponishtaki. Alikuja kutengeneza nywele, alisema, si kuokoka. Na mimi nilimwuliza tu kama atamsamehe dada yake, aliyekuwa akimsengenya tangu nilipoanza kusuka utosini hadi nikafika kisogoni. Kesho yake mkamwana akabandika karatasi kwenye kioo: siasa, dini na umbea marufuku. Siasa ikaendelea. Umbea ndio kwanza ukanenepa. Dini peke yake ndiyo iliyofukuzwa, maana ilikuwa na mwenyewe mmoja, tena kikongwe.

"Mama, naomba tuelewane," mkamwana akasema. "Mungu tumwache kanisani. Hapa ni kazini."

"Jumapili mpaka Jumapili, peke yake mle ndani? Na mlango tumeutia kufuli?"

"Nikikusikia tena, utaniachia hicho kiti. Sikutanii."

Nilijua hanitanii. Kile kiti ndicho kilichokuwa kikiniamsha asubuhi nikavaa viatu kama mtu wa maana. Bila hicho ningeshinda nyumbani kwa mwanangu nachambua mchele na kuulizwa kama nimemeza dawa. Nikafunga mdomo wiki tatu, hadi wateja wakaniuliza kama naumwa.

Ndipo akaja dereva wa lori, mwanamke, mabega kama mlango. Akaketi kwenye mto mbele yangu.

"Bibi, nisuke mistari ya kulala, isiniumize nikilazwa chali. Kesho asubuhi napasuliwa."

Nikasuka. Nilipofika katikati ya kichwa nikahisi shingo inatetemeka.

"Unaogopa?"

"Nimewahi kushuka mlima breki zimekatika, sikuogopa hivi. Bibi, wewe unajua kuomba?"

Saluni nzima ikatulia, hata umbea. Mkamwana alikuwa anamwosha mteja kichwa, akafunga bomba.

"Mama," akasema. Basi, neno hilo tu.

Nikaufikiria mchele. Kisha nikafikiria: Bwana niliyemwimbia miaka yote hii, leo mtu kamwulizia, nami nijifanye simjui kwa sababu ya kiti? Petro naye alianza hivihivi, anaota moto wake.

"Najua," nikasema. "Ila siombi kimoyomoyo. Kimoyomoyo nasinzia."

Sikufumba macho, mstari ungepinda. Nikamwambia Yesu kwamba huyu amebeba mizigo ya watu miaka mingi, kesho ambebe yeye. Awape madaktari mikono iliyotulia, na huyu ampe usingizi usiku wa leo. Sijamaliza, mkamwana kasimama juu yangu, povu linamchuruzika viganjani.

"Kusanya vitu vyako, mama."

"Amina," nikasema, nisije nikaiacha sala inaning'inia. Nikachukua kitana, kiti nikamwachia. Nikavuka barabara hadi kwenye kibaraza cha fundi viatu nikaketi, magoti yananinung'unikia.

Nyuma nikasikia miguu mizito. Dereva huyo, upande mmoja wa kichwa umelala vizuri, upande wa pili umesimama kama paka aliyekutana na mbwa. Akaketi chini, akanirudishia kichwa magotini.

"Watu wanakuona," nikamwambia.

"Waone. Ulikuwa umefika wapi?"

"Mstari wa saba."

"Nauliza sala, bibi."

"Nilishasema amina."

"Basi anza upya. Mle ndani nilikuwa na woga, sikusikia vizuri."

Nikaanza upya, kwa sauti, wapita njia wanageuza shingo. Fundi viatu akaweka nyundo chini, akavua kofia.

Haikupita saa, mwanangu akaja mbio. Alikuwa amepigiwa simu.

"Mama, unatuaibisha. Mwombe mke wangu radhi, urudi ndani. Yaishe."

"Radhi ya kumsumbulia mteja wake nitamwomba. Ya kusali, sina."

"Sasa kesho utasukia wapi?"

"Hapahapa. Mwenye kibaraza amenikubalia."

"Na mvua ikinyesha?"

"Nitaloa."

Akashika kiuno, akasimama mbele yetu. Dereva akacheka chinichini, kichwa kikanicheza mkononi.

"Bado mistari miwili," nikamwambia mwanangu. "Ama kaa tuombe, ama sogea. Unaniziba mwanga."