Fomu Isiyo na Kisanduku cha Maji

Saa tatu na dakika arobaini na saba za asubuhi, Jumatatu ya pili ya Oktoba, moshi ulionekana juu ya mabati ya mtaa wa Birere. Ulitoka kwenye nyumba ya mbao nyuma ya maduka ya vitenge. Nyumba za hapo zinagusana, kwa hiyo ya pili ilishika moto kabla mwenye ile ya kwanza hajamaliza kutoa godoro lake. Gari la zimamoto lilifika saa nne na dakika tisa. Saa nne na dakika kumi na saba liligeuka na kuondoka, na watu wakalirushia mawe. Lilirudi saa nne na dakika hamsini na nane. Moto ulizimika saa saba. Nyumba sitini na moja ziliteketea, hakuna aliyekufa.

Jioni hiyo ripoti ya kikosi ilifika mezani kwa Henriette Nabintu, waziri wa mambo ya ndani wa jimbo. Ilikuwa fomu ya ukurasa mmoja. Mahali palipoandikwa «Sababu ya kuchelewa», alama iliwekwa kwenye kisanduku cha kwanza: njia.

Henriette hakushangaa. Kabla ya kuingia siasa alifundisha hesabu kwa miaka kumi na sita, na alikuwa amekwisha kujumlisha ripoti za mwaka mzima. Mioto mikubwa ilikuwa kumi na minne. Katika kumi na mmoja kati ya hiyo, kilichotiwa alama kilikuwa njia. Kwa hesabu hiyo aliandika mswada wake: sehemu ya kodi ya masoko itengwe kila mwaka kwa ajili ya zimamoto, na kifungu cha tisa kikaamuru kila kichochoro cha soko kipanuliwe hadi mita nne. Vibanda, kuta na marundo ya bidhaa yaliyo ndani ya mita hizo yangevunjwa au kuondolewa katika siku tisini. Kura ilipangwa kupigwa Ijumaa.

Wajumbe waliotarajiwa kuhudhuria walikuwa arobaini na wanne, na mswada ulihitaji kura ishirini na tatu. Wafanyabiashara wa Birere walikuwa wamewaomba wajumbe wao waukatae kwa sababu ya kifungu hicho na ya kodi yao. Henriette alikuwa na uhakika wa kura ishirini na mbili. Ya ishirini na tatu alikuwa hajaiulizia, maana aliihesabu kuwa yake.

Ilikuwa ya kiti chake mwenyewe. Alichaguliwa mjumbe wa bunge la jimbo katika uchaguzi wa 2018. Sheria ya uchaguzi inamtaka kila mgombea aandike pia jina la mbadala, atakayekaa kwenye kiti hicho ikiwa mwenyewe atakufa au atateuliwa waziri. Wagombea wengi huandika jina la mke, la mtoto, au la dereva. Henriette aliandika la Gauthier Mulumeoderhwa, mdogo wa mume wake, muuza mbao wa Birere, kwa sababu hakuwahi kumsikia akibishana na mtu. Tangu aingie bungeni Gauthier hakuomba kusema hata mara moja. Wenzake walimwita Honorable Kiti.

Jumatano saa kumi na moja jioni Gauthier alifika nyumbani kwa waziri, mtaa wa Katindo. Alivua barakoa ya korona, akakataa chai, akaketi.

«Ijumaa ni kunyoosha mukono tu, shemeji,» Henriette alimwambia. «Hauna kazi ya kuongea.»

«Kama kile kifungu cha tisa kiko ndani, mukono haitapanda.»

Henriette aliweka kikombe chini. «Juu ya mbao zako?»

«Mbao zangu ziko kwa njia, sikatae. Ukitaka, kesho nazitosha, njia ibaki wazi. Lakini Jumatatu si mbao zilikunywa mayi ya kamyo ya zimamoto.»

Akatoa simu. Jumatatu alikuwa amepiga picha za video akiwa mlangoni pa depo lake la mbao, na kila video ilionyesha saa yake. Katika ya kwanza, saa nne na dakika tisa, gari lilisimama barabarani na wazimamoto wakavuta mipira ya maji ndani ya kichochoro kwa mbio. Mipira ilifika hadi kwenye moto. Katika ya pili, saa nne na dakika kumi na tano, maji yalipungua, yakawa ya kudondoka, yakakoma. Katika ya tatu gari lilirudi nyuma, na sauti ya mwanamke ilisikika ikipiga kelele: «Banakimbia! Ba pompiers banakimbia!» Ndipo mawe yakaanza.

«Hawakukimbia,» Gauthier alisema. «Walienda kutafuta mayi kwa ziwa. Kuenda, kujaza, kurudi: dakika makumi ine na moja. Unaweza kupanua njia mupaka mita kumi, shemeji. Kamyo itaingia muzuri sana, ikiwa tupu.»

«Ripoti inasema njia.»

«Uliza mwenye kuiandika.»

Henriette aliomba kuona video mara ya pili, akaandika saa kwenye karatasi. Gauthier alipoondoka, Henriette hakumwomba tena kura.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikwenda kituo cha zimamoto bila kutoa taarifa. Mkuu wa kikosi, Kakule, mtu wa Butembo mwenye miaka ishirini na miwili kazini, alikuwa akikagua kioo cha gari kilichopasuliwa na jiwe. Henriette alimwonyesha fomu.

«Papa Kakule, njia ilizibwa?»

«Ilikuwa ndogo, Mama Waziri.»

«Nimeuliza kama ilizibwa.»

«Hapana. Mipira ilifika.»

«Basi kwa nini uliweka alama hapo?»

Kakule aliichukua fomu, akaitazama kana kwamba ilihitaji kusomwa upya. «Iko na visanduku tatu. Njia, batu wengi, kamyo kuharibika. Kamyo ilikuwa nzima. Nikiandika batu wengi, polisi itakuja kubapeleka cachot, kubafunga, na kesho nikirudi kule batanipiga mimi. Njia haipelekwe cachot. Njo maana nilichagua njia.»

«Na maji?»

«Mayi haina kisanduku.»

«Ungeandika pembeni.»

«Tuliandika pembeni mara moja. Karatasi ilirudishwa, banasema imechafuliwa.» Akamrudishia fomu. «Hii fomu ilitoka kwenu, Mama.»

Chini ya ukurasa palikuwa na mhuri wa wizara, na juu ya mhuri sahihi ya Henriette mwenyewe.

Aliomba daftari la gari. Humo Kakule alikuwa ameandika kila safari ya kwenda ziwani, kwa kuwa dereva alitakiwa kueleza mafuta yalikotumika. Henriette aliketi kwenye benchi la kituo, akalilinganisha na ripoti kumi na nne. Katika mioto kumi na miwili gari lilikuwa limeondoka katikati ya kazi kwenda kujaza maji. Mioto yote kumi na mmoja iliyotiwa alama ya njia ilikuwa ndani ya hiyo kumi na miwili. Tangi la gari lilibeba lita elfu tatu, nalo liliisha kwa dakika sita.

Alirudia hesabu mara moja. Kisha akampigia simu Charline, katibu wake, akamwambia afute kifungu cha tisa chote na aandike kingine: matangi ya maji yachimbwe na kujengwa katika kila soko, kila moja la lita elfu thelathini, yakiwa na mdomo unaoingiana na mipira ya kikosi.

«Leo, Mama?» Charline aliuliza. «Wale honorables wawili wa mjini walikubali mswada juu ya upanuzi wa njia. Hao wataondoka.»

«Najua. Watabaki ishirini.»

«Na Honorable Gauthier ni ishirini na mmoja.»

«Ndiyo.»

«Haitoshi.»

«Haitoshi. Andika.»

Serikali inaruhusiwa kubadilisha mswada wake kabla ya mjadala wa jumla kufungwa. Ijumaa saa sita na nusu Henriette alisimama mbele ya bunge, akasoma kifungu kipya, kisha akaeleza kwa nini kile cha zamani kimeondolewa. Alisema hesabu aliyowapa wajumbe mwezi uliopita ilitokana na fomu yenye kasoro, kwamba fomu hiyo aliitia sahihi yeye, na kwamba kikosi hakikuwa na kosa. Alisoma saa za Jumatatu moja baada ya nyingine. Wajumbe wawili wa mjini walikusanya makaratasi yao, wakatikisa vichwa.

Zilibaki kura ambazo hazikuwa za mtu: sita za kundi la Jean-Bosco Twagirimana, mjumbe aliyechaguliwa na watu wa mji wa Kiwanja. Yeye pia alikuwa na karatasi yake katika ajenda ya siku hiyo, azimio la kuliomba bunge la Kinshasa libadilishe sheria ya uchaguzi ili ndugu wa mgombea asiweze kuwa mbadala wake. Aliomba kusema.

«Mama Waziri, mwezi uliopita ulituambia njia. Leo unatuambia mayi. Nani alikuambia mayi?»

«Wa kwanza ni mjumbe Mulumeoderhwa. Baadaye nilihakikisha kwa daftari la gari.»

Ukumbi ulicheka. «Kiti kimesema!» mtu alipaza sauti kutoka nyuma. «Mumupe micro, kiti kimesema!»

Twagirimana alisubiri kicheko kiishe. «Shemeji wako. Muuza mbao. Mwenye depo ndani ya kile kichochoro. Na tuamini kwamba hakutetea mbao zake?»

Gauthier alinyanyuka. Rais wa bunge alichelewa kumpa nafasi, kwa kuwa alikuwa anatafuta jina lake kwenye orodha.

«Honorable Jean-Bosco,» Gauthier alisema, «mbao zangu nimezitosha jana. Uende kuangalia. Ukipata hata moja kwa njia, uibebe, ukajenge nayo kwako.»

Akaketi. Safari hii waliocheka walikuwa upande wa pili.

«Sawa,» Twagirimana alisema. «Basi niulize moja tu, na kura zetu sita zinangojea jibu. Mama Waziri, azimio langu juu ya ba suppléants, hawa ba mbadala, serikali inaliunga mukono, ao inalikataa? Usituambie utaenda kufikiri.»

Waziri hana kura, lakini neno la serikali huandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kama azimio lingefuatwa Kinshasa, Gauthier asingeweza kuandikwa tena chini ya jina la Henriette katika uchaguzi ujao, wala mtu mwingine yeyote wa familia. Henriette alimtazama shemeji yake. Gauthier alikuwa akiitazama meza.

«Nilimwandika,» Henriette alisema, «kwa sababu sheria ilidai jina, nami nilitaka jina ambalo halitanisumbua. Hiyo haikuwa sababu nzuri. Kwamba alisema kweli wiki hii ni sifa yake. Mimi sikumchagua kwa ajili ya hiyo. Serikali inaunga mkono azimio.»

Twagirimana aliomba azimio lipigiwe kura kwanza. Rais wa bunge alikubali. Mikono ilihesabiwa safu kwa safu, na karani, Olive, alitembea na orodha yake katikati ya viti. Alipofika safu ya nne alisimama.

«Honorable Mulumeoderhwa, hii ni kura ya azimio la ba suppléants,» alisema kwa sauti ya chini. «Sheria ya zimamoto inafuata.»

«Najua, mama.»

Mkono wake ulikuwa juu. Olive aliuandika. Azimio lilipita kwa kura thelathini na moja.

Saa tisa na dakika tano mswada wa zimamoto uliitwa. Kakule, aliyekuwa ameketi kwenye viti vya wageni akiwa na kofia yake magotini, alisimama ili aone vizuri. Wale ishirini waliinua mikono kwanza, kisha Gauthier, na mwishowe watu sita wa Twagirimana, mmoja mmoja. Wajumbe wawili wa mjini waliikunja yao kifuani.

Olive alihesabu, akarudi mwanzo wa safu, akahesabu tena. Saa tisa na dakika kumi na mbili alimpa rais wa bunge karatasi, naye akaisoma: waliohudhuria arobaini na wanne, waliokubali ishirini na saba.